Asiye na Mtani

Siku ya pili baada ya kufika Dar es Salaam kwa mwaka wangu wa masomo nje ya nchi, nilimwomba mama lishe mmoja karibu na hosteli "mayi ya kunwa". Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwanangu," aliniuliza, "hicho Kiswahili chako cha wapi?"

Nilimjibu kwamba ni Kiswahili cha bibi yangu, na kwamba bibi alizaliwa Kilwa. Akafurahi. "Kumbe mtu wa pwani!" Ikabidi nimweleze kwamba Kilwa ninayoisema mimi haina bahari. Iko Kongo, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Mweru. Tena ziwani kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa, nacho ni cha Zambia. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mununga, ufuko wa mashariki, kaskazini ya Nchelenge. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa maji, na tangu siku hiyo akaniita "Kilwa".

Nyumbani tunasema Kibemba. Kiswahili kilikuwa lugha ya bibi alipokuwa na hasira au alipotembelewa na ndugu zake kutoka ng'ambo. Sikuwahi kukihesabu kuwa ni elimu. Nilipoingia chuo kikuu Lusaka kusoma siasa na uhusiano wa kimataifa, nilichagua Kiswahili kwa sababu ya hesabu tu: mwezi Agosti 2019, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Nikajiambia kwamba mwanadiplomasia wa kesho atakihitaji. Nilipochaguliwa kwenda mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, familia nzima ilichanga nauli. Mjomba, mvuvi, ndiye aliyetoa fungu kubwa kuliko wote.

Mlimani nilijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Asubuhi nilinyoosha Kiswahili changu: *watu*, si *batu*, *leo*, si *lelo*, *ana*, si *iko na*. Mchana nilisoma mipaka. Humo ndimo nilimokutana na kijiji changu bila kutegemea. Katika maisha ya Tippu Tip, yaliyosimuliwa na mwenyewe kwa Kiswahili, nilisoma jinsi alivyompiga Nsama, mtawala wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Tanganyika na Mweru. Nilizoea kuona historia ya Waswahili ikiishia ufukoni mwa bahari, na sasa ilikuwa imefika mlangoni kwetu.

Kisha nikausoma mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Mkataba huo unachora mstari ulionyooka kutoka rasi moja ya Ziwa Tanganyika hadi pale mto unapotoka Ziwa Mweru, unakatisha ziwa letu, kisha unapinda kidogo ili kisiwa cha Kilwa kiwe cha Waingereza. Kisiwa kizima kiligawiwa kwa sentensi moja. Waliousaini hawakuwa wamevua hata dagaa mmoja mle.

Mstari huo haujatulia hadi leo. Mwaka 1989 Zambia na Zaire zilisaini mkataba wa kuurekebisha. Mwaka 2020 nchi hizo mbili zilivutana tena kuhusu vijiji vya Kibanga na Kalubamba, upande wa Tanganyika, mpaka SADC ikaingia kati kusuluhisha. Nilijua tayari nitaandika nini katika tasnifu yangu: kwamba mipaka ya wakoloni ni uongo, kwamba Azimio la Cairo la Julai 1964, lililowataka viongozi wa Afrika kuiheshimu mipaka waliyoirithi, lilikuwa kosa, na kwamba watu wa ziwa wanaujua ukweli kuliko karatasi. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinifanya nione kwamba nina akili.

Mwezi Januari simu ikaja. Mjomba amekamatwa.

Sitaki kumtetea kupita kiasi. Kwetu uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu ni ya njaa kwa asiye na shamba, na mjomba alikuwa ametumia akiba yake kwa nauli yangu. Alitoka usiku, akapita mahali ambapo kwa macho ni maji tu na kwa karatasi ni nchi nyingine, na askari wa doria wakamchukua pamoja na mtumbwi, nyavu na watu waliokuwamo. Walitaka faini, na haikuwa na risiti.

Shangazi alinitumia namba ya askari mmoja. "Ongea naye wewe," alisema. "Wewe ndiye unayesomea mambo haya, tena Kiswahili unakijua sasa."

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Niliandika hoja zangu kwenye daftari. Nikapiga, nikasema: "Shikamoo afande. Samahani kwa kukusumbua. Ningependa kufahamu ni kifungu gani cha sheria kilichotumika kumshikilia mjomba wangu."

Kimya. Kisha sauti ikauliza, "Weye ni nani? Uko Tanzania? Ni serikali imekutuma?"

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza kwa ufasaha, ndivyo alivyozidi kuwa mkavu. Alinisikia kama ofisi. Jioni ile shangazi akaniambia kwamba kiwango kimepanda maradufu. Wamesikia kwamba familia ina mtu mkubwa ng'ambo. Nilikaa kitandani na daftari langu. Kiswahili nilichokuwa nikisifiwa kila wiki kilikuwa kimemuongezea mjomba gharama.

Kesho yake bibi aliomba simu ya jirani. Kilichosemwa nilisimuliwa baadaye na watu watatu, na wote wanakubaliana. Bibi hakusalimia kwa heshima wala hakuuliza sheria. Alisema: "We mutoto, mama yako ni wa wapi?" Askari akakataa kujibu. Bibi akauliza tena, kama mtu anayeuliza bei ya muhogo. Mwishowe akamwambia: mama yake ni wa ufuko uleule, wa ukoo wa Samaki. Bibi yangu ni wa ukoo wa Ng'andu, yaani Mamba. Kwetu Mamba na Samaki ni *abanungwe*, watani, kama walivyo Wazaramo na Wasukuma. "Basi," bibi akasema, "tangu lini samaki akamkamata mamba? Mrudishe kabla sijaja kukutafuna." Wanasema yule askari alicheka mpaka wenzake wakaja kuangalia. Siku ya tatu mjomba alirudi na mtumbwi wake. Nyavu hazikurudi.

Nilipopata habari nilishangilia. Nilimsimulia mama lishe, naye akaisimulia meza nzima. Nilimsimulia mwalimu wangu wa semina, na kusema kwamba huu ndio ushahidi wa tasnifu yangu: bibi asiyejua kusoma ameushinda mkataba wa 1894. Mwalimu alitabasamu. Kisha akauliza swali moja: "Mjomba wako alikuwa peke yake mtumbwini?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia shangazi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Alikuwepo na yule kijana wa kusini."

Yule kijana alitoka mbali, kusini kabisa mwa Zambia, alikuja ziwani kutafuta kibarua. Alikuwa akimpigia mjomba kasia. Hakuwa Mamba wala Samaki, wala mtu yeyote ambaye ukoo wake ungetajika ng'ambo ile. Utani wa bibi ulimfungulia mjomba mlango, na mlango ukafungwa nyuma yake. Kijana alibaki siku kumi na tisa zaidi, mpaka mjomba alipouza baiskeli na kuchangisha wavuvi wenzake. Mimi siku hizo zote nilikuwa Dar es Salaam nikisimulia hadithi ya kuchekesha.

Nilirudi Mununga mwezi Agosti. Nilimkuta kijana akitengeneza nyavu nje ya nyumba ya mjomba. Hakuondoka, kwa kuwa bado alidai ujira wake. Nilimwomba radhi, ingawa sikujua hasa kwa kosa lipi. Aliendelea kufunga mafundo. "Bibi yako si mtu mbaya," alisema. "Hakuwa analijua jina langu."

Bibi mwenyewe nilimuuliza jioni, kwa Kiswahili, nacho kikanitoka cha Mlimani. Alinisahihisha mara mbili kabla ya kujibu. "Ningesema nini kwa ajili yake?" aliuliza. "Mi sina neno la mutu wa kule."

Ndugu msomaji, wewe unayesoma Kiswahili kama mimi, umefundishwa kwamba lugha huunganisha watu. Ni kweli. Nimeona sentensi moja ya Kiswahili cha jikoni ikifanya kazi ambayo ufasaha wangu haukuiweza, na tangu hapo sioni haya kusema *mayi* nikiwa na watu wa *mayi*. Lakini lugha iliyomtoa mjomba ilifanya kazi kwa sababu ilijua yeye ni wa nani. Asiye wa mtu yeyote haimwoni.

Niliuchukia mkataba wa 1894 kwa sababu haukumjua mtu yeyote wa ziwa kwa jina. Bado nauchukia kwa jinsi ulivyotungwa. Ila sasa naelewa kwamba kutojua majina kunaweza kuwa na faida yake. Sheria nzuri ya mpaka, iliyoandikwa na watu wa pande zote mbili, yenye faini inayojulikana, risiti, na idadi ya siku ambazo mtu anaweza kushikiliwa, isingemuuliza yule kijana mama yake ni wa wapi. Ingemtoa siku ileile na mjomba.

Tasnifu yangu nimeibadilisha. Siandiki tena kwamba mpaka ni uongo. Naandika kuhusu kinachompata mvuvi aliyekamatwa katikati ya Mweru, saa kwa saa, na ni karatasi gani angepaswa kupewa, kwa lugha gani. Sura ya kwanza nimeisoma kwa sauti mbele ya bibi, mjomba na kijana. Bibi alilala katikati. Mjomba alisema ni ndefu. Kijana aliuliza kama karatasi hiyo ikishaandikwa itafika kule alikofungiwa, na nani ataipeleka.

Swali lake nimeliweka mwanzoni mwa sura ya pili.