Siku Yetu Katika Bustani ya Tivoli

Wazee wengi katika vijiji vyetu huona mchezo kuwa ni kupoteza wakati, na mtu mzima akionekana anacheza na watoto wake husemwa kwamba hana kazi. Mimi ni mwalimu, nami nimekaa na watoto miaka mingi. Najua ya kwamba mtoto asiyecheza hajifunzi vema. Kwa hiyo nataka kuwaeleza habari za siku moja ambayo jamaa yangu na mimi tulitoka kwenda kucheza tu, wala hatukuwa na shughuli nyingine, na mambo tuliyoyakuta huko, ya kufurahisha na ya kuhuzunisha pia.

Ndugu yangu wa kike, anayenifuata kwa kuzaliwa, ni mwuguzi katika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, naye ameolewa huko. Miaka mingi alituandikia akituita, hata mwisho yeye na mumewe wakakusanya nauli, nasi tukasafiri wakati wa likizo ya Julai: mama yetu mzazi, ambaye amekwisha kutimiza miaka sabini na mitatu, mke wangu, watoto wetu watatu, Debora, Yona na Neema, na mimi. Siku ya nne baada ya kufika, ndugu yangu akasema, “Kesho twende Tivoli. Mtu aliyefika Copenhagen asiione Tivoli ni kama aliyefika Moshi asiuone Kilimanjaro.”

Tivoli ni bustani ya tafrija, nayo ni ya zamani sana. Aliyeianzisha ni Georg Carstensen, aliyezaliwa Algiers, Afrika ya Kaskazini, mwaka 1812, kwa kuwa baba yake alikuwa huko kwa kazi ya serikali ya Denmark. Alimwomba Mfalme Christian VIII ruhusa ya kufungua bustani nje ya lango la magharibi la mji, na husimuliwa kwamba alimweleza mfalme ya kuwa watu wakiwa katika kucheza hawafikiri mambo ya siasa. Ruhusa ikatoka, na bustani ikafunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Siku hizo mji ulikuwa bado umezungukwa na boma na handaki la maji. Leo boma halipo, na mji umekua hata ukaizunguka bustani pande zote. Lakini kipande cha handaki kimesalia ndani yake, nacho ni ziwa dogo lenye bata, na maua yamepandwa ukingoni. Mwezi wa Juni 1944, wakati Wajerumani walipoikalia nchi ile, watu waliowaunga mkono waliteketeza sehemu ya bustani kwa moto, kusudi wawavunje watu mioyo. Lakini baada ya wiki chache ikafunguliwa tena. Mwaka 1951 Mmarekani Walt Disney alikuja kuitazama, na mwaka 1955 akafungua bustani yake mwenyewe huko California, ambayo habari zake zimeenea duniani.

Tulifika asubuhi. Langoni hulipwa ada ya kuingia, na ndani kila mchezo una malipo yake, ila mtu akipenda aweza kununua tiketi moja ya michezo yote ya siku ile. Mara tulipoingia watoto wakawa kama ndama waliofunguliwa zizini. Kulikuwa na pembea zinazozunguka juu ya mnara mrefu wa mita 80, na magari yanayokimbia juu ya reli na kupinduka vichwa chini, na farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki. Penye mchezo mmoja wa mbio palisimamishwa kipimo, na kila mtoto hupimwa urefu kabla hajaingia. Yona akapita. Neema, mwenye miaka mitano, akasimama kwa ncha za vidole, lakini mlinzi akacheka na kumwonyesha visigino vyake. Mtoto akalia sana. Nami nikaona vema ya kuwa mlinzi yule hakuongozwa na huruma ya machozi wala na fedha yetu tuliyokuwa tumekwisha kuitoa.

Jambo lililonistaajabisha zaidi ni reli ya mbao iliyojengwa mwaka 1914, ambayo inapanda na kushuka katika kitu kilichofanywa mfano wa mlima. Magari mengine ya namna hii siku hizi husimamishwa na mitambo, lakini katika gari lile huketi mtu, pamoja na abiria, naye ameshika mpini wa breki mkononi. Gari likiteremka kwa nguvu, yeye ndiye anayepima mwendo na kulizuia. Debora na Yona waliketi mbele, mke wangu na mimi nyuma yao. Tulipoanguka bondeni mara ya kwanza mke wangu alinishika mkono hata kucha zikaingia, na watoto wakapiga kelele. Lakini nilipogeuka nilimwona mshika breki ametulia kama mtu anayeendesha gari la ng'ombe njia ya kila siku. Tulishuka miguu ikitetemeka, na Yona akataka turudi tena, tukarudi mara tatu.

Mama yetu hakutaka kupanda kitu chochote. Akasema, “Mimi nimefika hapa kwa eropleni, yatosha.” Basi tukamwongoza mpaka penye jumba la michezo ya kuigiza, lililojengwa mwaka 1874, ambalo pazia lake ni mfano wa tausi mkubwa, tausi akikunja mkia wake, jukwaa linaonekana. Watazamaji hukaa nje, chini ya mbingu. Waigizaji hawasemi hata neno moja, bali hueleza kila jambo kwa mikono na miguu na uso. Yuko mzee mmoja mwenye binti mzuri, naye anataka kumwoza kwa mtu tajiri, na binti anampenda kijana mwingine aliyevaa nguo za viraka vya rangi. Na yuko mtumishi aliyepakwa nyeupe usoni, ambaye kila afanyalo huharibika. Mama yangu hajui lugha ya Denmark wala Kiingereza, naye tangu tufike alikuwa ameketi kimya katikati ya mazungumzo ya watu. Lakini hapo akaanza kutufasiria sisi. “Huyu mzee amekataa posa,” akasema. “Ametamani mali. Tazameni, binti atatoroka.” Na binti akatoroka. Mama akacheka hata akatoa machozi, na mwanamke mzee wa Denmark aliyekuwa karibu naye akacheka vivyo hivyo, wakashikana mikono kama watu wa kijiji kimoja.

Sasa imenipasa kueleza jambo la pili. Kabla ya safari nilikuwa nimesoma habari za Tivoli, nikakuta ya kwamba mwaka 1905 yalifanyika katika bustani hiyo maonyesho ya nchi zilizokuwa chini ya Denmark. Wakati ule Denmark ilikuwa na visiwa vitatu katika bahari ya Karibi, St. Croix, St. Thomas na St. John, na wengi wa wakaao huko walikuwa wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, ambao walipata uhuru mwaka 1848. Kutoka St. Croix waliletwa kwa merikebu watoto wawili bila wazazi wao: Victor Cornelins, mwenye umri wa miaka kama saba, na Alberta Roberts, wa miaka minne. Waliwekwa katika maonyesho ili watu wawatazame. Victor, kama ilivyo desturi ya mtoto wa kiume, hakutulia. Alikuwa akizunguka huku na huku kutazama mambo ya wengine. Kwa hiyo wakamtia katika kizimba pamoja na Alberta.

Msidhani ya kuwa jambo hilo lilifanyika pale tu. Zamani zile miji mingi ya Ulaya ilifanya maonyesho ya watu. Mwaka 1897 watu 267 wa Kongo walipelekwa Tervuren, karibu na Brussels, wakawekwa katika vijiji vya mfano ili watazamwe. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako huko kando ya kanisa hata leo.

Usiku wa kuamkia siku ya Tivoli nilimwambia mke wangu ya kuwa nataka kuwaeleza watoto habari hizo tukiwa mahali penyewe. Yeye hakupenda. Akasema, “Baba Debora, watoto wamengoja siku hii miezi mitatu. Wewe kila mahali ni darasa. Waache wacheze, utawaeleza tukirudi nyumbani.” Nikamjibu, “Tukirudi itakuwa habari ya kitabu. Pale wataelewa.” Hatukupatana, tukalala.

Adhuhuri tuliketi kando ya ziwa tukala mikate na samaki tuliyochukua kutoka nyumbani. Debora, ambaye ana miaka kumi na miwili, akaniuliza, “Baba, zamani watu kama sisi walikuwa wakija hapa?” Mke wangu akanitazama, kisha akainamisha kichwa kuwa ameniruhusu. Basi nikawaeleza yote, kwa maneno machache. Walinyamaza. Yona akaacha kula. Neema hakuelewa, aliendelea kuwatupia bata vipande vya mkate. Ndipo Debora akasema, “Naye, yule Victor, walimpandisha farasi wa mbao?”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengi, lakini si hilo. Kila siku kizimbani alisikia muziki na vicheko vya watoto wenzake. Sikuwa na neno la kumjibu. Debora akasema hataki tena kucheza, anataka turudi nyumbani kwa shangazi. Mke wangu akanitazama tena, nami nikajua maana ya macho yake.

Aliyetusaidia ni mama yetu. Alikuwa amesikiliza muda wote bila kusema. Akauliza, “Watoto hao baadaye walikuwaje?” Nikamweleza. Baada ya maonyesho hawakurudishwa kwao. Waliwekwa katika nyumba ya kulelea watoto, wakasomeshwa. Alberta alishikwa na kifua kikuu akafa angali kijana. Mwaka 1917 Denmark ikaviuza visiwa vile kwa Marekani kwa dola milioni 25, hivyo hata nchi yao ikawa ya wengine. Lakini Victor alisoma ualimu akahitimu, akaenda kufundisha katika mji wa Nakskov, akawa msaidizi wa mwalimu mkuu, tena mwalimu wa muziki na nyimbo. Watoto wa watu wa Denmark, kizazi baada ya kizazi, walikaa mbele yake wakafundishwa naye. Aliandika habari za maisha yake katika kitabu, akafariki mwaka 1985, mzee aliyeheshimiwa.

Mama akasema, “Kumbe waliomtazama kizimbani walimletea wajukuu wao awafundishe.” Kisha akamgeukia Debora, “Mjukuu wangu, ukiondoka hapa kwa hasira utakuwa umemsaidia nani? Mtoto yule alinyimwa kuzunguka. Wewe zunguka. Lakini usimsahau.” Akainuka kwa fimbo yake, akasema kwamba sasa yuko tayari kupanda kitu kimoja, lakini kiwe cha polepole.

Tukaenda kwenye gurudumu kubwa lililowekwa mwaka 1943, bustani ilipotimiza miaka mia moja. Vikapu vyake vimefanywa mfano wa vile vya maputo ya kurukia angani. Katika safu ya kungoja, mtoto mmoja wa kike wa nchi ile, rika la Neema, alimkazia macho binti yetu, nywele zake na uso wake. Mama yake akaona haya akataka kumvuta. Lakini Neema naye alikuwa akimkazia macho vile vile, maana mtoto yule alikuwa na madoa mengi ya rangi ya kahawia usoni, jambo ambalo Neema hajaliona maishani. Wakatazamana kitambo, wakaanza kucheka wote wawili, na mwisho wakapanda katika kikapu kimoja. Nikawaza ya kuwa mtu akitazamwa, naye akiwa na nafasi ya kutazama, hapana aibu. Ubaya ni pale mmoja anapokuwa na macho na mwingine anafanywa kuwa kitu.

Tulikaa mpaka usiku, na katika nchi ile usiku wa Julai hukawia sana kuingia. Hata saa nne mwanga ulikuwa bado haujaisha, ndipo taa za bustani zikawaka juu ya miti na juu ya maji. Debora alipanda farasi wa mbao, ingawa hujiona kuwa amekuwa mkubwa kwa mchezo huo, akazunguka mara mbili, wala sikumwuliza sababu.

Walimu wenzangu na wazazi, nimeandika haya kwa sababu moja. Wenye kumtia Victor kizimbani hawakuwa watu waliokusudia ukatili. Walilipa ada yao, walivaa nguo zao nzuri, walikuja na watoto wao kufurahi, kama sisi. Basi na tuzitazame sikukuu zetu wenyewe. Siku ya michezo ya shule, au siku ya harusi, mara ngapi tumemwita mtu mwenye wazimu acheze ngoma kwa senti chache ili tucheke? Mara ngapi mtoto mlemavu, au mwenye ualbino, amezungukwa na wenzake sokoni, na sisi wakubwa tukapita tusiseme kitu? Mtu huyo hakutiwa katika fito za chuma, lakini macho yetu yamemfungia.

Wachezesheni watoto, tena chezeni nao. Hamhitaji kwenda Denmark, maana kamba ya kuvutana na mto wa kuogelea vyatosha. Na katika mchezo huo angalieni ni nani aliyewekwa pembeni ili achekwe, mkamwite aje achukue zamu yake kama wengine.