Je, Seva Ina Mwenzake?

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kauli hiyo ilinidhihirikia nilipokuwa mwanagenzi katika ofisi moja ya Westlands, Nairobi, nikikagua seva ya hifadhidata kila asubuhi. Msimamizi wangu alinifunza maswali matatu: Je, seva inafanya kazi? Je, imo katika kundi la seva zinazopokezana? Je, mwenzake yu macho? Katika programu ya SQL Server, swali la pili hujibiwa kwa tarakimu: 1 ni ndiyo, 0 ni la. Hata hivyo, 1 haijibu swali la tatu. Kundi huweza kubakiwa na mashine moja tu huku jina likidumu lile lile, mteja asitambue.

Ndugu msomaji, suala hili si la mafundi pekee. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, abiria wa Kangemi anayepandia gari katikati ya jiji aweza kulipa nauli kwa simu. Hifadhidata yoyote ya fedha ikizimika pasipo nyingine kupokea zamu, fedha zipo, ila hazifikiki. Neno "kupokezana", basi, lastahili nafasi katika istilahi zetu: latukumbusha kumjulia hali wa pili kabla wa kwanza hajaanguka.