Kigoda cha Baba na Daftari la Mwana

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi huitumia methali hiyo wanapozungumza habari za duka na biashara, wala hawakumbuki kwamba nyumba ya mtu nayo ina mali yake, na kwamba iko siku mwenye nyumba ataondoka asirudi. Shamba lina hati, ng'ombe wana alama, fedha za benki zina kitabu. Lakini kigoda, cherahani, taa na sanduku la picha havina karatasi yo yote. Navyo ndivyo vinavyoweza kuwatenga ndugu walionyonya ziwa moja.

Katika vilima vya Machakos alikuwako mzee mmoja aliyejua sana kupanga mambo ya shamba lake. Katika ujana wake alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, na mwaka 1944 alipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Aliporudi alileta sanduku la bati, koti zito la jeshi na nishani moja. Akaoa, akachimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, akazaa wana watatu na binti mmoja. Wana walipokuwa watu wazima aliwaita wazee wa mji, akatembea nao shambani, akapanda mkonge mpakani mwa kila mwana. Tangu siku hiyo hakuna aliyegombea hata hatua moja ya udongo. Binti hakupewa sehemu, kwa kuwa wakati ule ilidhaniwa kwamba aliyeolewa amekwisha pata kwao kwingine.

Lakini kwa habari ya vitu vya nyumbani mzee hakusema neno mbele ya mashahidi. Katika vitu hivyo kimoja kilipendwa kuliko vyote, nacho ni kigoda cha miguu mitatu, cha mti mgumu, kilichopambwa kwa nyaya za shaba zilizopigwa ndani ya mti kwa ustadi mkubwa, kama mafundi wa Ukambani walivyozoea kuwatengenezea wazee wao. Kigoda hicho mzee alikirithi kwa baba yake. Hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia.

Mzee alifariki mwaka 1987. Mkewe alikuwa amemtangulia, na kwa miaka minne binti yake alikuwa akija kutoka kwa mumewe kila juma kumfulia, kumpikia na kumwosha miguu. Baada ya mazishi watu wa ukoo walikaa kama desturi ilivyo, na katika siku zile chache nyumba ilianza kupungua. Koti la jeshi halikuonekana tena. Cherahani ya marehemu mama ilichukuliwa na jamaa mmoja, aliyesema ya kwamba aiazima tu kwa kushona sare za watoto wake. Binti alikuwa ameomba kitu kimoja tu katika nyumba ile, nacho ni cherahani hiyo, kwa sababu ndiyo aliyojifunzia kushona akiwa amesimama kati ya magoti ya mamaye.

Kisha likaja neno la kigoda. Mzaliwa wa kwanza akasema, "Baba aliniambia kwa kinywa chake kwamba kigoda ni changu." Wa pili, aliyekuwa karani serikalini, akajibu, "Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini maneno hayo aliniambia mimi." Na kitinda mimba naye akasema vivyo hivyo. Kila mmoja akawaona wenzake kuwa ni waongo, tena waongo wa kumsingizia maiti. Wazee wakajaribu kuwapatanisha, wasiweze. Mwisho ikaamuliwa nyumba ifungwe kwa kufuli, na kigoda kibaki ndani, mpaka ndugu watakapopatana.

Hawakupatana. Walisalimiana kanisani kama watu wa nchi mbili. Mwana wa mmoja alipooa, wengine walituma zawadi tu, wasiende. Mvua za masika zikapita, na za vuli, na tena za masika. Bati moja la paa likang'oka, maji yakaingia. Kufuli ilipofunguliwa baada ya miaka miwili, kigoda kilikuwa kimesimama mahali pake kana kwamba mwenyewe angerudi jioni. Karani alipokigusa kilianguka kikawa unga. Mchwa walikuwa wamekula mti wote toka ndani, wakaacha nyaya za shaba peke yake. Karani alizikusanya zile nyaya, akazitia katika bahasha.

Siku ile ndipo walipoketi wote wanne chini ya mwembe, wakaulizana kwa upole jambo ambalo wangaliweza kuulizana siku ya kwanza: Baba alikwambia lini? Mkubwa akasema aliambiwa asubuhi ya kupelekwa shule ya bweni, alipokuwa akilia. Karani akasema aliambiwa jioni alipomletea baba mshahara wake wa kwanza. Mdogo akasema aliambiwa siku alipoliezeka upya paa la nyumba. Hapo wakatambua kwamba hakuna aliyesema uwongo. Baba yao alikuwa na moyo wa huruma, na kila alipotaka kumfurahisha mwana alimwahidi kitu kilichokuwa cha thamani kuliko vyote. Ahadi ni deni, naye alikufa ana deni la vigoda vitatu, hali alikuwa na kimoja.

Yafaa kuangalia sheria ilikuwa ikisema nini wakati huo, maana wengi hudhani kwamba mambo ya urithi ni ya desturi tu. Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa sheria hiyo, mtu akifa bila wasia, akaacha watoto bila mke wala mume, mali yake hugawanywa sawasawa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Akiacha mke au mume mmoja pamoja na watoto, vitu vya nyumbani ni vya huyo aliyebaki, ni mali yake kabisa: nguo, mapambo, viti, vyombo, picha, hata chakula kilichomo ghalani kwa matumizi ya nyumba. Motokaa haimo katika hesabu hiyo, wala vitu vya kazi au biashara ya marehemu. Tena, mtu anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, hata kwa jina la kuazima, atenda kosa, na anaweza kutozwa faini au kufungwa.

Kwa hiyo yule jamaa hakuwa na haki ya kuchukua cherahani, na binti alikuwa na haki sawa na kaka zake. Lakini hata kama mambo hayo yangalijulikana, kigoda kingalibaki na shida yake. Sheria huweza kugawanya kwa hesabu. Haiwezi kukata kigoda cha miguu mitatu mafungu manne, kila mmoja akapata pa kukaa. Neno la namna hiyo humalizwa na mwenye kitu mwenyewe, angali hai na akili zake timamu.

Karani yule sasa amestaafu zamani, nywele zake ni nyeupe. Maisha yake yote ya kazi alitunza majalada ya watu wengine, na kila jalada lilikuwa na namba yake. Jioni moja alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akamwambia mkewe kwamba ataandika vitu vyote vya nyumba, na kila kitu atakayekipata. Mkewe alishtuka. "Mzee, huo ni uchuro," akasema. "Wataka kujiitia mauti?" Naye akamjibu, "Mama, wewe kila mwaka huchagua mahindi mazuri ya mbegu, ukayatundika juu ya moshi. Je, kwa kufanya hivyo umeiita njaa?" Mama akacheka, akaleta taa.

Kazi ile ilimfundisha mambo ambayo hakuyatazamia. Kwanza, alianza kuandika sufuria, viti na cherahani, mkewe akamshika mkono. "Hivyo si vyako kuvigawa," akasema. "Vyombo hivi nilivinunua kwa fedha zangu za maembe, na cherahani nilikuja nayo kwetu." Karani akatambua kwamba mtu aweza kurithisha kilicho chake tu. Basi wakakata daftari kwa mstari katikati: upande huu vya baba, upande huu vya mama.

Pili, hakutaka kufanya kosa la baba yake la kusema na kila mtoto peke yake. Aliwangoja watoto wote wanne wafike nyumbani wakati wa Krismasi, akawakalisha pamoja, akawauliza kila mmoja ni kitu gani cha nyumba ile angependa kukumbukia wazazi wake. Alitazamia ugomvi juu ya kabati kubwa ya vioo na viti vya sebuleni, vitu alivyovinunua kwa taabu nyingi. Hakuna hata mmoja aliyevitaja. Nyumba zao zilikuwa ndogo, nao walikuwa na viti vyao. Mmoja alitaka mwiko wa mama. Mmoja alitaka jembe la babu lililolika hata likabaki nusu. Wawili, mvulana na msichana, walitaka karabai ya zamani, kwa kuwa chini ya mwanga wake ndipo walipokuwa wakisoma usiku, bega kwa bega. Baba hakuamua kwa nguvu. Akawaachia wapige kura mbele yake. Ikamwangukia msichana, naye akamwahidi nduguye kwamba chombo kile hakitauzwa wala kutupwa bila yeye kuulizwa kwanza. Maneno hayo pia yakaandikwa.

Tatu, aliona kwamba kitu bila habari yake ni kama mtu bila jina. Kandokando ya kila kitu aliandika kilipotoka. Alichukua picha zote zilizokuwa katika sanduku la bati, akaandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya kila moja majina ya waliomo. Picha sita zilimshinda, kwa kuwa yeye na ndugu zake hawakumtambua mtu hata mmoja. Waliowajua walikuwa wamekwisha kufa.

Nne, vitu vingine alivitoa papo hapo. Saa yake ya mkono alimpa mjukuu mbele ya wote, na koti lake la kazi akampa kijana anayemchungia ng'ombe. Zawadi iliyotolewa na mkono wa aliye hai, mbele ya macho ya jamaa, haihitaji mwamuzi.

Mwisho alikwenda kwa wakili, kwa sababu alijua ya kuwa daftari peke yake ni kumbukumbu tu. Wasia ulioandikwa hutiwa sahihi na mwenyewe, na mashahidi wawili au zaidi nao hutia sahihi zao. Haifai shahidi awe ni mtu atakayepata kitu katika wasia huo, wala mkewe wala mumewe, maana kile alichoachiwa chaweza kubatilika. Wasia wa mdomo unakubaliwa pia mbele ya mashahidi wawili, lakini hauna nguvu isipokuwa aliyeusema amekufa katika muda wa miezi mitatu. Mtu akioa au akiolewa baada ya kuandika wasia, wasia ule hutanguka, ila kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Kwa ndugu Waislamu mambo hufuata sheria ya dini yao: mafungu ya warithi yamewekwa tayari, na wasia hauzidi theluthi moja ya mali. Karani alimchagua mtu mwaminifu awe msimamizi, akawaambia watoto wote mahali wasia ulipowekwa. Wasia uliofichwa hata usionekane hauna faida kwa mtu.

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile pana mstari mmoja alioupeleka kwanza kwa kaka yake, kwa mdogo wake na kwa dada yake, wakausoma wote wakauridhia. Mstari huo wasema: "Nyaya za shaba za kigoda cha Baba, zilizomo katika bahasha, zipimwe, zikatwe mafungu manne yaliyo sawa. Fungu moja ni la dada yetu, na yeye achague kwanza."

Dada hakungoja mtu afe. Alichagua fungu lake siku ile ile, akalifunga katika pindo la leso yake, akarudi nalo nyumbani kwake.