Watani wa redio, kilimani Hombolo

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba Jumamosi unakwenda Hombolo atakuuliza nani amefariki. Hawezi kufikiria sababu nyingine. Hombolo iko kilomita kama 40 kaskazini mashariki mwa Dodoma mjini. Kuna bwawa lililojengwa na Mwingereza miaka ya 1950, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, kuna zabibu, mibuyu na vilima vya mawe ambavyo watu wengi huvipita bila hata kugeuza shingo. Mimi nilifuata kilima. Tena nilikwenda na kamera, maana niliitwa kama mpiga picha, sio kama mwandishi.

Walioniita ni watu watatu ambao siku za mapumziko, badala ya kwenda kuangalia mpira, hubeba betri ya gari hadi juu ya mawe, wakatundika waya kwenye mti na kuanza kuita dunia. Hii inaitwa redio ya ridhaa. Ridhaa kama ile ya mpira wa ridhaa: hakuna mshahara, hakuna matangazo, na mke nyumbani haelewi faida yake nini. Usichanganye na FM. Hapa hakuna mtangazaji wala wasikilizaji, kila aliyeko hewani anasikiliza na anajibu. Leseni inatolewa na TCRA, na kila mwenye leseni anapewa jina la kituo chake. Ya Tanzania huanza na 5H au 5I. Kenya ni 5Z, Uganda 5X. Kabla ya Uhuru Tanganyika ilikuwa VQ3 na Zanzibar VQ1, na wapo wazee Ulaya wanaohifadhi kadi za VQ3 kama wengine wanavyohifadhi stempu.

Sasa niwatambulishe jamaa bila majina, wenyewe wamesema hivyo. Kuna Mwalimu, anafundisha fizikia, Mgogo wa pale pale. Kuna Fundi, anatengeneza redio na simu mjini, Mhehe wa Iringa. Na kuna Mzee, mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alishika redio call ya hospitali moja ya misheni, enzi ambazo kuomba dawa au ndege ya mgonjwa ilikuwa ni kupitia kile kisanduku tu. Mzee ndiye mwenye leseni ya siku nyingi kuliko wote, na ndiye mwenye redio. Kwa hiyo tunamwamkia shikamoo mara mbili, mara ya kwanza kwa umri wake na mara ya pili kwa redio yake.

Mgogo na Mhehe ni watani, si unajua tena. Gari lilipofika njia panda Fundi akauliza nani ana chenji, maana tumeingia nchi ya ombaomba. Mwalimu, bila kugeuka, akamjibu asiwe na wasiwasi, mbwa wote wa kijiji wameshafungiwa ndani tangu alfajiri kwa sababu habari za ujio wa Wahehe zilitangulia. Ilikuwa hivyo hadi juu. Fundi akikwama kwenye jiwe, Mwalimu anamkumbusha Mkwawa hakukwama. Mwalimu akipumzika, Fundi anamwekea shilingi mia mbele ya miguu.

Kwa nini kilima? Mwalimu alinichorea ardhini kwa kijiti. Mawimbi ya masafa ya juu, kama ya megahezi 145, husafiri karibu kama macho yanavyoona. Ukisimama uwanjani, upeo wako ni kilomita 5 hivi. Panda mita 100 juu ya tambarare na upeo wa redio unafika kilomita 40 na ushee, yaani unamkuta mtu wa Dodoma mjini akiwa kibarazani kwake. Kwa mawimbi marefu, ya megahezi 14, habari ni nyingine. Hayo yanapanda angani, yanagonga tabaka la juu lililochajiwa na jua na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali. Kwa hayo kilima sio lazima sana, ila kule juu hakuna chaja za simu na taa za kichina zinazopiga kelele kwenye redio. Wenzetu Uingereza wamelifanya jambo hili mchezo rasmi tangu tarehe 2 Machi 2002: kila kilele kina pointi, 1 hadi 10, unapanda, unaongea na watu, unapiga picha, unashuka. Nimeziangalia picha zao. Ni ukungu, mbwa, chupa ya chai na mzee mmoja anayelalamikia magoti. Magoti tu ndiyo yanayofanana na yetu.

Tukafunga antena. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kuwa ngumu. Antena ya megahezi 14 ni waya mwembamba wa shaba wenye urefu wa mita 10 hivi, umekatwa katikati. Ukiupiga picha hauonekani! Picha zangu za kwanza kumi zilionyesha wanaume watatu wazima wamekaa chini ya mti wakiongea na sanduku. Fundi akaziangalia kwenye kioo cha kamera akasema hiyo sasa ndiyo picha halisi ya Wagogo. Mwishowe Mwalimu akachana kitambaa chekundu akafunga vipande kwenye waya, upepo wa Dodoma ukafanya yaliyobaki, na antena ikaonekana kama kamba ya nguo za mtoto. Mzee hakufurahi. Alisema katika miaka yake yote hewani hajawahi kuaibishwa kiasi kile.

Halafu saa. Kila mazungumzo lazima yaandikwe kwenye daftari kwa saa ya dunia, ile ya Greenwich. Saa tisa alasiri ya Mwalimu ilikuwa 15:00 kwenye simu yangu na 12:00 kwenye daftari la Mzee. Tisa, kumi na mbili, kumi na tano. Fundi akagundua kwamba saa ya dunia inakaa katikati kabisa, kati ya saa ya Mswahili na saa ya simu, na akatangaza kwamba kumbe sisi hatuchelewi, dunia ndiyo haijaamua.

Nilimuuliza Mzee kama utani wote huu unaruhusiwa hewani. Akanipa jibu la kisheria. Kanuni za kimataifa za redio zinasema watu wa ridhaa wa nchi mbali mbali wanaweza kuzungumzia mambo ya fani yao na maneno ya kibinafsi, basi. Biashara hapana. Mafumbo ya kuficha maana hapana. Utani umo kwenye maneno ya kibinafsi. Mimi kama mwandishi nikatikisa kichwa kwa wivu, maana chumba chetu cha habari hakina kanuni nzuri kama hiyo.

Lakini kuna jambo Mzee alilisema ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Mtu wa Ulaya au Japani akisikia 5H anaruka kwenye kiti, sababu Tanzania husikika kwa nadra. Na anayesikika mara nyingi ni mgeni: daktari wa misheni, mtu wa mradi, au kundi lililokuja na masanduku ya antena kwa wiki mbili. Mwaka 2018 kundi la Waitalia lilikuja kufanya hivyo Zanzibar. Hakuna ubaya, wanatuweka kwenye ramani. Ila matokeo yake, Mzee akiitikia kutoka Hombolo, baada ya salamu swali la kwanza ni uko na shirika gani. La pili ni unarudi lini nyumbani.

"Huwa unawajibuje, Mzee?"

"Nawaambia leo jioni, mwanangu, nikishateremka kilima."

Alicheka alipokuwa anasema. Wenzake hawakucheka, na hawa ni watu wanaocheka kila kitu.

Ndiyo maana ya mimi kuitwa na kamera. Redio hii inaweza kutuma picha. Unaiunganisha na laptopu, picha inageuzwa kuwa sauti, mstari mmoja baada ya mwingine, mistari 256, na kule upande wa pili inachoreka taratibu kwenye kioo. Kwa mtindo unaoitwa Martin 1 picha moja inachukua sekunde 114. Kwa masikio ni kama faksi yenye mafua. Tatizo ni kwamba ukituma picha redio haipumziki kama inavyopumzika unapoongea, inakunywa umeme mfululizo, na betri yetu ilikuwa inafanya kazi tangu saa sita mchana. Ilipofika saa kumi na moja Mzee akaangalia kipimo, akashusha nguvu hadi wati 30 na kusema: picha moja. Chagueni.

Jamani, ugomvi! Fundi alikuwa na simba kwenye simu yake. Alimpiga akiwa ndani ya basi, Mikumi, akitoka Iringa, na simba mwenyewe amelala kama gunia la mahindi. Hoja yake ilikuwa moja na sio ya kijinga: mtu akikaa Ulaya anasubiri picha kutoka Tanzania, anasubiri simba. Mpe simba atuite tena kesho. Au Kilimanjaro. Mwalimu akamuuliza Kilimanjaro inaonekana wapi kutoka hapa. Yeye alitaka ile niliyoipiga nusu saa kabla: Mzee juu ya jiwe na visikilizi vyake masikioni, nyuma yake bwawa linang'aa, waya una vitambaa vyekundu, na karibu na mguu wake ndoo ya zabibu tulizopewa na mama mmoja tuliyepita shambani kwake. Ilikuwa Agosti, mavuno ya pili ya mwaka. Sehemu nyingi duniani mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka, Dodoma huzaa mara mbili, na Mwalimu hawezi kukaa dakika kumi bila kukwambia.

Fundi akapinga kisheria. Zabibu ni biashara! Kanuni ya Mzee inakataza matangazo. Mwalimu akasema basi na simba ni utalii, nao ni biashara kubwa zaidi. Fundi akasema simba hauzwi kwa ndoo. Wakanigeukia mimi nipige kura. Nikasema mwandishi hapigi kura, huku nikiisogeza ile picha ya Mzee kwenye laptopu ikae ya kwanza. Mzee aliona. Hakusema kitu, alivaa visikilizi na kubonyeza.

Sekunde 114 ni ndefu sana ukiwa umenyamaza. Hakuna aliyetania. Sindano ya kipimo ilikuwa inateremka na jua nalo linateremka, na mimi nilisahau kupiga picha ya wenzangu walivyokuwa wanamtazama Mzee.

Kimya. Kisha sauti ya Mwitalia, kwa kile Kiingereza chao cha hewani. Picha imefika, safi kabisa, isipokuwa mistari michache chini. Anauliza huyo aliyekaa juu ya jiwe ni nani.

"Ni mimi," Mzee akasema. "Hapa ni nyumbani."

Mwitalia akakaa kidogo. Akashukuru, akasema ataihifadhi, akasifu ziwa, akasifu zabibu, hata kwao wanazo. Halafu akasema ana swali moja la mwisho kama betri inaruhusu. Simba yuko wapi?

Fundi alikuwa juu ya mti ameanza kufungua waya. Alicheka hadi tukaogopa ataanguka. Mzee akasubiri atulie, akabonyeza, akamwambia yule bwana kwamba simba amekwenda kusaidia kuvuna, akirudi tutampiga picha. Na kutoka juu ya mti Fundi akapiga kelele kwamba hilo sasa ni tangazo la biashara, liandikwe kwenye daftari.