Mwashi wa Udongo Mjini Rumonge

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, Ziwa Tanganyika hukusindikiza mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Baada ya kilomita zipatazo 75 huwasili Rumonge, mji wa mawese na wa dagaa, ambao wenyeji huwaita ndagala.

Jioni moja nilimkuta bibi mwenyeji wangu ameshika mwenge wa majani makavu ya mchikichi. Juu ya mlango palikuwa na kiota cha nyigu, na chini yake hulala mjukuu wake mchanga.

"Mwalimu, mwanangu, watamdunga mtoto," alisema.

Boriti zilikuwa kavu kama kuni. Nilimsihi asubiri nipige picha kwa simu. Picha ya kwanza ilionyesha rangi nyeusi na njano tu, nazo ni rangi za nyigu wengi. Nikapiga nyingine tatu: ya ubavuni, ya juu, na ya kiota chenyewe. Ndipo dalili zilipojitokeza. Kiuno kilikuwa cha njano, kirefu na chembamba kama uzi; miguu nyeusi yenye njano; kiota cha udongo mtupu; na mdudu mwenyewe alikuwa peke yake.

Nilimtambua kuwa wa jamii ya Sceliphron, yamkini spirifex, aliyeenea barani Afrika. Jike hujenga vyumba vya udongo, akavijaza buibui aliowapoozesha kwa sumu yake, na kutaga yai moja katika kila chumba. Buibui hao ndio chakula cha funza atakayeanguliwa. Hana jeshi la kulinda kiota, wala si rahisi kumdunga mtu asipobanwa au kushikwa.

Lakini msomaji, chunga! Kiota kinachofanana na karatasi, chenye vijumba vilivyo wazi na nyigu wengi juu yake, ni cha wale waishio pamoja. Hao wakichokozwa hushambulia kwa wingi. Usiwasogelee kwa ajili ya picha. Aliyedungwa akivimba uso au akipumua kwa shida, akimbizwe hospitali mara moja.

Bibi aliutumbukiza mwenge katika ndoo ya maji.

"Kumbe ningeunguza nyumba kwa sababu ya fundi mmoja," alisema.

Asubuhi nilipoaga, fundi huyo alikuwa akirejea kutoka ukingoni mwa ziwa, amebeba donge la matope.