Mwia Naye ni Mdeni

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakasema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali zote mbili zamwelekea mdeni: yeye ndiye aonywaye, na yeye ndiye ahimizwaye. Ama kuhusu mwia, yaani yule aliyekopesha, methali hizo zimenyamaza, kana kwamba akishatoa fedha zake hana tena wajibu wowote ila kungoja kulipwa. Katika makala haya twapenda kumweleza msomaji kwamba mwia naye ana deni lake, na twasema hivyo kwa kuwa yametufika.

Sisi ni mume na mke, sote walimu wa shule za serikali nchini Uganda, na makazi yetu ni Mukono, mji ulio kando ya barabara itokayo Kampala kwenda Jinja. Mwanzoni mwa mwaka 2012 tulikopa fedha za kujengea nyumba, tukaweka rehani hati ya kiwanja chetu. Marejesho yalikuwa 120, moja kila mwezi, nayo yalikatwa katika mshahara kabla haujafika mikononi mwetu. Kwa miaka kumi tulizoea kupanga matumizi ya nyumbani kwa kile kilichosalia. Rejesho la mwisho lilikatwa Desemba 2021. Mwezi uliofuata tulikwenda Kampala kuomba hati yetu.

Karani alitupokea kwa adabu, akatazama kompyuta yake, akatuarifu kwamba bado tulikuwa na salio. Ilikuwa hivi. Kuanzia Aprili 2020, Benki Kuu ya Uganda iliziruhusu taasisi za fedha kuwaahirishia marejesho wakopaji walioathiriwa na janga la korona. Ruhusa hiyo ilikuwa ya huruma, nayo iliwafaa wengi, hasa walimu wenzetu wa shule za binafsi ambao mishahara yao ilikatika shule zilipofungwa. Lakini sisi hatukuomba kuahirishiwa. Mshahara wa serikali uliendelea kuja, na makato yaliendelea kukatwa. Hata hivyo, katika daftari la mkopeshaji miezi mitatu ya mwaka huo ilikuwa imeandikwa kwamba haikulipwa, na riba ilikuwa imezaliwa juu yake. Tulimwonyesha karani hati za mshahara za miezi hiyo mitatu. Alizisoma moja moja, kisha akasema, “Mwalimu, mimi naziona, lakini kompyuta haizioni.”

Tulirudi mara saba. Kila mara tulimkuta karani mwingine, na kila mara ilitubidi kusimulia habari yetu tangu mwanzo. Mara jalada lilikuwa makao makuu, mara mhusika alikuwa likizo, mara mtambo ulikuwa umekwama na tulitakiwa kurudi Jumatatu. Nakala tulizoacha zilipotea, tukaacha nyingine. Tulipopiga simu tulisikilizishwa muziki hadi fedha za simu zikaisha. Hatuwalaumu sana makarani wale, kwani wengi wao walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wetu wa zamani, nao hawakuwa na mamlaka ya kufuta hata shilingi moja. Kasoro ilikuwa katika mpango wenyewe: aliyetusikiliza hakuweza kuamua, na aliyeweza kuamua hakuonekana.

Kisha ikaja barua. Ilisema kwamba tusipolipa salio lile tungehesabiwa kuwa tumeshindwa kulipa mkopo, na hatua za kisheria zingefuata. Kwa mujibu wa Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009, hatua hizo zina mpangilio wake: mdeni hupewa ilani ya siku 45 za kazi arekebishe kasoro, na asiporekebisha hupewa ilani nyingine ya siku 21 za kazi kabla mali haijauzwa. Mama yetu mzazi, ambaye twaishi naye, alituona tukiisoma barua ile mara mbili mbili. Akauliza, “Wanangu, nyumba hii ni yetu au ni yao?”

Swali lile lilitupeleka kwenye lugha, kwani ndiko walimu tukimbiliako. Neno letu rehani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kilichoshikwa ili kuwa dhamana ya deni. Kitu hicho kimeshikwa tu, hakijauzwa wala hakijatolewa hibani. Sheria tuliyoitaja yasema vivyo hivyo: rehani ni dhamana tu, haihamishi haki ya ardhi kutoka kwa mweka rehani kwenda kwa mpokea rehani. Kwa hiyo mwia ashikaye hati yetu ameshika kitu cha watu. Na mwenye kushika kitu cha watu, katika mila zetu, ana wajibu wa kukitunza, wa kukitolea hesabu kila aulizwapo, na wa kukirudisha siku yake ifikapo. Wajibu huo nao ni deni. Akikataa kujibu barua, au akitoa hesabu isiyolingana na stakabadhi, kosa lake lapita utovu wa adabu kwa wateja. Yeye naye amekuwa mdeni asiyelipa.

Tulipoliona jambo kwa sura hiyo, tuliacha kuomba, tukaanza kudai. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Tuliitunga kwanza kwa Kiswahili ili tujue barabara tunachotaka kusema, kisha tukaifasiri kwa Kiingereza. Katiba ya nchi yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini fomu za mkopeshaji zilikuwa za Kiingereza tupu. Tulitaja miezi mitatu, tarehe tatu na kiasi kilichokatwa kila mwezi, tukaambatisha nakala, tukataka jibu la maandishi. Sote wawili tulitia sahihi, kwani nyumba ya familia haiwekwi rehani pasipo idhini ya mume na mke, na waliotia sahihi wakati wa kuiweka ndio wafaao kutia sahihi wakati wa kuidai. Nakala moja ilipigwa muhuri wa kupokelewa, tukabaki nayo. Nyingine tuliipeleka Benki Kuu, ambayo mwaka 2011 ilitoa mwongozo wa kuwalinda wateja wa taasisi za fedha na kuzitaka taasisi hizo ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko.

Baada ya wiki sita lilikuja jibu la mistari mitatu: salio limefutwa, na hati itatolewa. Neno pole halikuwamo. Mwezi wa nane tulisajili ufutaji wa rehani katika ofisi ya ardhi, na mama yetu akapata jibu la swali lake.

Ndugu walimu, kila mwaka twawafundisha wanafunzi barua rasmi, na mara nyingi barua hiyo ni ya kuomba kazi. Yafaa tuwafundishe pia barua ya kudai haki: yenye tarehe, yenye tarakimu, isiyo na matusi, na ambayo nakala yake hubaki kwa mwandishi. Watakuwa wakopaji siku moja, na baadhi yao watakaa upande wa pili wa kaunta.

Tena tuna ombi kwa wasomaji wa jarida hili. Mkopeshaji alipoiachilia hati yetu, karatasi aliyotupa iliandikwa kwa Kiingereza, nasi tulipotaka kumsomea mama tulisema “hati ya kukomboa rehani.” Alielewa mara moja. Ikiwa kwenu kuna jina lililo bora kuliko hilo, tuleteeni.