Sakafu Kwanza, Picha Baadaye

Kila siku naulizwa: ile nyumba ya dani iliishia wapi, mbona huposti? Wadau, hakuna cha kuposti. Sebule ni shimo. Uani kuna rundo la mawe, na mimi nimekaa juu yake nikihesabu mifuko ya simiti. Ukitaka video ya kabla na baada, kwa sasa nina kabla, na kabla mbaya zaidi.

Na bado nasema hii ndiyo sehemu ya maana ya kukarabati nyumba. Video za ukarabati zimetuharibu. Zinaanza wakati sakafu imeshamalizika, mtu anabandika karatasi ya ukutani, muziki unacheza, dakika moja imeisha. Nani anaonyesha udongo?

Nyumba yenyewe iko Nyalenda, pale mji unapoteremka kuelekea Dunga na ziwa. Babu aliijenga 1979 kwa matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, na enzi hizo watu walikuwa wanasimama kuiangalia. Sasa rangi imebanduka kutoka chini hadi usawa wa goti, unga mweupe kama chumvi unatoka ukutani, na sakafu ya sebule imezama katikati hadi chai inamwagika yenyewe mezani. Dani ana miaka 80 na kitu. Analala humo. Mvua ndefu zikianza anakohoa, na anakohoa hadi Juni.

Nilipotangaza kwamba nairekebisha, ushauri ulimiminika. Baba mdogo, yuko Minnesota, alituma shilingi 150,000 pamoja na picha ya sebule ya mtu: tailizi nyeupe, dari ya jipsamu, taa za buluu zimezunguka kama klabu. "Fanya hivi, mama afurahi." Duka moja la rangi hapa mjini likaniahidi rangi ya bure ya nyumba nzima, bora tu video itoke ndani ya wiki tatu. Enyewe nilipiga hesabu. Rangi ya nyumba nzima si pesa kidogo.

Kabla ya kumjibu yeyote nilimwita fundi mmoja mzee. Ukuta hata hakuutazama. Alikata kipande cha nailoni, akakibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne, akasema atarudi kesho. Kesho yake nailoni ilikuwa na matone upande wa chini, kama kifuniko cha sufuria ya wali. Hayo maji hayakutoka juu. Fanya hilo jaribio kwako leo, halitakugharimu kitu, na utajua kama unakarabati nyumba au unavalisha maiti suti.

Shida yetu ni ya mahali. Sehemu kubwa ya nchi hii ya chini, kutoka hapa hadi Kano, ni udongo mweusi, ule ambao Januari unapasuka hadi mkono unapita, na Aprili unashika kiatu hadi unakiacha hapo. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Weka sakafu juu yake moja kwa moja, itapanda na kushuka kila mwaka hadi ivunjike. Halafu maji ya chini yanapanda kwenye simiti na matofali vile mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ukifunika na tailizi hujayazuia. Yanatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni ukuta. Ndiyo maana unaingia nyumba ya watu, sakafu inang'aa na ukuta unaoza.

Ziwa nalo lina mambo yake. Dani anazikumbuka mvua za uhuru, zile zilizoanza 1961, ziwa likapanda hadi likaweka rekodi 1964. Sisi tulizichukulia kama hadithi za wazee. Mei 2020 rekodi hiyo ikapitwa, na huko Dunga watu wakahama na magodoro kichwani. Mvua ndefu za 2024 zikaleta mafuriko tena. Kwetu maji hayakupitia mlangoni. Yalitokea sakafuni, polepole, kama jasho.

Kumbuka pia kwamba reli ilipofika hapa 1901, wakoloni hawakuwa wajinga. Kilima walijiwekea wao, ndiyo hii Milimani. Sisi wengine tukabaki na bonde. Sasa tunakaa bondeni tukiiga sebule za watu waliojenga pakavu.

Kwa hivyo tumechimba. Chumba kimoja kimoja, kwa sababu ukitoa udongo wote kwa mpigo ukuta wa 1979 unaweza kukuangukia. Futi moja na nusu ya udongo mweusi, karai kwa karai, vijana wanne. Huko chini tukapata kijiko, sarafu ya senti kumi ya enzi za Mzee Kenyatta, na kandambili ya mtoto ambayo baba amekana kabisa si yake.

Halafu maramu, ikashindiliwa na mashine ya kukodi hadi vioo vya madirisha vikalia. Juu yake mawe, yale mafundi huita hadikoo, na vumbi la mawe kuziba nafasi ili ncha zisitoboe nailoni. Dawa ya mchwa. Kisha nailoni nzito, ya geji 1000, imepandishwa kidogo ukutani kila upande kama shuka ya kitanda. Wavu wa chuma. Mwisho zege ya inchi nne: simiti karai moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hapo fundi alisimama akahesabu karai mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo mjengo huibiwa mchana kweupe, na huwezi kujua hadi mwaka ujao.

Siku saba tulimwagilia maji asubuhi na jioni. Majirani walicheka: mlikuwa mnakimbia maji, sasa mnayamwaga? Ndiyo, bana. Zege haitakiwi kukauka haraka, inatakiwa ikomae. Ukiiachia jua la Kisumu linaipasua kabla hujaikanyaga.

Vyumba viwili vimeisha hivyo. Sakafu mpya iko inchi sita juu ya ile ya zamani, kwa hivyo milango imekatwa chini, na nje tumechimba mtaro wa kupeleka maji ya mabati mbali na msingi. Babu hakuweka kizuizi cha maji kati ya msingi na ukuta, na sitavunja nyumba nzima kukiweka. Tumebandua plasta hadi usawa wa goti, matofali yapumue. Ukuta uliolowa miaka na miaka haukauki kwa wiki tatu. Duka la rangi nimeliambia hapana.

Baba mdogo ndiye alikuwa kazi. Alipiga simu ya video, nikamwonyesha shimo la sebule. Akanyamaza kitambo.

"Pesa yangu iko wapi hapo?"

"Iko chini, baba."

"Lakini hakuna mtu ataiona."

Hapo ndipo penye ugomvi wenyewe, na si wa familia yetu peke yake. Pesa ya mtu aliye mbali inataka kuonekana. Anafanya kazi zamu ya usiku huko kwenye baridi, anataka aone kitu kinang'aa ndio ajue hakulala bure. Namwelewa kabisa. Lakini kinachong'aa ndicho kilichotuletea hiyo sebule. 2015 ndugu walichanga, wakapiga plasta mpya na rangi, picha zikapigwa, na kufikia Krismasi iliyofuata unga mweupe ulikuwa umerudi ukutani. Hakuna aliyechanga tena.

Wiki mbili hakunipigia. Kila jioni nilimtumia risiti: simiti, lori la maramu, kukodi mashine. Sikuandika maneno. Halafu siku moja zikaingia shilingi 40,000, bila picha ya sebule ya mtu.

Dani wakati huu wote amekataa kuhama. Kitanda chake tunakihamisha chumba hadi chumba, na kila asubuhi anakuja kusimama kwenye ukingo wa shimo na fimbo yake, anauliza limefika wapi. Usiku wa kwanza kwenye chumba kipya nilibandika nailoni yangu sakafuni karibu na kitanda chake. Asubuhi ilikuwa kavu. Aliigusa kwa kidole, akajifuta kidole kwenye leso ingawa hakikuwa na kitu, akaniuliza kama kuna chai.

Tailizi hataki. Anasema zinateleza, na yeye haendi hospitali kwa sababu ya urembo wa mtu aliye Minnesota. Anataka sakafu nyekundu, ile ya zamani, ya kusuguliwa na nta hadi ujione. Rangi yake ya unga tumeipata Kibuye. Fundi anasema mara ya mwisho kuipiga alikuwa bado anajifunza kazi, lakini mkono haujasahau. Tunaanza na chumba chake Jumatatu. Nta ameshanunua, mikebe miwili, ameificha chini ya kitanda.